Kuomba radhi na kutoa pole kwa Kijerumani: jiulize kwanza kosa ni la nani

Mwaka wangu wa kwanza kazini katika nyumba ya wazee huku Ujerumani, dada mmoja wa zamu yangu aliangusha sinia la chai kwenye korido. Vikombe vikatawanyika, chai ikatiririka mpaka mlangoni. Nikamkimbilia nikisema “Es tut mir leid!” Akaniangalia kwa mshangao: “Wieso? Du kannst doch nichts dafür.” Yaani, kwa nini? Si kosa lako. Mimi nilikuwa nampa pole. Yeye alisikia mtu anakiri kosa.

Sasa kila mgeni anayekuja kusomea uuguzi, nikipata nafasi ya kumwelekeza, naanza na korido ile kabla ya orodha yoyote ya maneno.

Hatua ya 1: Jua umesimama upande gani

Sisi tumezigawa: samahani ni ya mwenye kosa, pole ni ya anayemwonea mwenzake huruma. Kijerumani kina “Es tut mir leid”, na hiyo inafanya kazi pande zote mbili. Ukiwa na kosa, itumie bila wasiwasi. Ukiwa huna, anza na “Das”: “Das tut mir leid”, hilo lililokupata linanisikitisha. Aliyefiwa, aliyefeli mtihani, aliyenyimwa viza, wote utawaambia hivyo na hakuna atakayedhani unajilaumu.

Kwa ajali ndogo, kama sinia lile, Mjerumani hasemi hata hiyo. Anasema “Oje!” au “Hoppla!”, kisha anauliza: “Haben Sie sich wehgetan?”, umeumia? Kisha anainama kusaidia kuokota. Pole yenyewe imo ndani ya lile swali, kwa hiyo usiliruke.

Hatua ya 2: Weka ulimi sawa

“Leid” hutamkwa “lait”, maana d ya mwisho wa neno hugeuka t. Likumbuke kwa neno letu “laiti”, ukikata ile i ya mwisho. “Mir” inakaribia “mia”. Sema: es tuut mia lait. Ukiandika, leid hapa huanza kwa herufi ndogo. Vitabu vya baada ya mageuzi ya tahajia ya 1996 vinaweza kukuonyesha herufi kubwa, lakini tangu 2006 ni ndogo tu.

“Entschuldigung” huwatisha wengi bure. Mkazo uko kwenye SHUL: ent-SHUL-di-gung. Ni sauti ile ile ya “shule”, neno tulilolichukua kwa Wajerumani wenyewe, ila u hapa ni fupi.

Hatua ya 3: Makosa madogo

Umemkanyaga mtu kwenye basi, unataka kupita, unataka kuuliza njia: “Entschuldigung” inatosha, kama samahani yetu. Ukitaka sentensi kamili, angalia unasema na nani. Kwa rafiki au mtoto: “Entschuldige bitte.” Kwa mzee, bosi, daktari au mtu usiyemjua: “Entschuldigen Sie bitte.” Mbele ya mzee wa miaka 85, hiyo “Sie” ndiyo shikamoo yako. Ukiombwa radhi wewe, jibu “Macht nichts” au “Schon gut”.

Hatua ya 4: Makosa mazito

Hapa nakuomba usome taratibu. Ndani ya Entschuldigung mna neno “Schuld”, yaani hatia, na pia deni. Kuomba Entschuldigung ni kuomba uondolewe hatia. Ndiyo maana wapo Wajerumani, hasa wa umri mkubwa, wasiopenda kusikia “Ich entschuldige mich”: wanasema mkosaji hawezi kujiondolea hatia mwenyewe, anayeweza ni aliyekosewa. Kwa hiyo kosa likiwa kubwa, omba: “Ich bitte um Entschuldigung.” Zito kuliko hilo ni “Ich bitte um Verzeihung”, naomba msamaha.

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea, mbele ya wazao wa waliouawa katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea mababu zao. Neno alilotumia ni “Verzeihung”. Kila ninapolifundisha neno hili nalitaja tukio hilo, ili mtu asilipoteze kwa kikombe kilichovunjika.

Baada ya kuomba, taja kosa kwa ufupi na useme utalirekebishaje. Mfano wa kuchelewa: “Entschuldigen Sie bitte die Verspätung. Der Bus ist ausgefallen. Ich bleibe heute länger.” Samahani kwa kuchelewa, basi halikuja, leo nitabaki zaidi. Sentensi tatu, basi. Maelezo marefu huku yanasikika kama kujitetea.

Hatua ya 5: Pole za kila siku

Kwa mgonjwa: “Gute Besserung!” Pole na kazi haina tafsiri, mtu akimaliza zamu mwambie “Schönen Feierabend!”, jioni njema baada ya kazi. Pole na safari inageuka swali: “Hatten Sie eine gute Reise?” Neno “Mitleid” utalikuta kwenye kamusi kama huruma. Usimwambie mtu kwamba unamwonea Mitleid; atahisi umemdharau.

Hatua ya 6: Msiba

Sema “Mein herzliches Beileid.” Toa mkono, mwangalie machoni, kisha nyamaza. Usiende nyumbani kwa wafiwa bila kualikwa, hata kama moyo unakusukuma kama tunavyokwenda matangani. Wengi hutuma kadi: “Ich wünsche Ihnen viel Kraft”, nakutakia nguvu. Tangazo la kifo likiwa na maneno “Von Beileidsbekundungen am Grab bitten wir Abstand zu nehmen”, familia inaomba wasipewe mkono wa pole kaburini. Waheshimu, uandike kadi.

Ukiwa ulimjua marehemu, ongeza jambo moja dogo ulilolishuhudia. Bibi mmoja niliyemhudumia alipofariki, binti yake alikuja kuchukua nguo. Nikampa mkono, nikasema Beileid yangu, kisha: “Ihre Mutter hat so gern am Fenster gesessen.” Mama yako alipenda sana kukaa dirishani. Hakujibu. Aliuweka chini mfuko wa nguo, akavuta kiti cha mama yake pale dirishani, akakaa.