Kilimanjaro uani kwa birthday ya mtoto

Kwa mtoto wa miaka 4 hadi 6 hapa Moshi, sherehe ya kupanda mlima inanoga kuliko mapambo ya dukani. Weka vituo uani vyenye majina ya kambi za mlimani: Mandara, Horombo, Kibo, kisha kilele cha Uhuru mezani penye keki. Kila kituo mchezo mmoja wa dakika 10. Ukizidi, wanaosubiri zamu huanza kugombana. Wakimaliza kituo, wagongee muhuri wa kiazi kilichochongwa.

Theluji ya keki ndiyo huharibika: krimu ya siagi huyeyuka kwa joto la Januari. Koroga gramu 200 za sukari ya unga na vijiko vikubwa 2 vya maji ya limau, mwagia keki ikishapoa kabisa. Ikiwa ya moto, theluji yote huteleza hadi kwenye sahani. Anza saa 4 asubuhi, kabla hawajaanza kusinzia.