Kiti cha kubembea cha mbao zilizokunjwa: kukitambua na kukipangia bei

Kiti chochote cha zamani cha kubembea chenye mikunjo ya duara husingiziwa kuwa cha Thonet, kampuni ya Vienna iliyotoa cha kwanza mwaka 1860. Vingine ni vyake kweli. Vingi si vyake, na bado vina soko. Mimi huanza na mbao, kwa sababu karatasi ya jina yeyote anaweza kuibandika.

Hatua ya 1: Kipindue. Tandika blanketi ukilaze kifudifudi. Chagua mkunjo mmoja, mulika tochi kwa ubavuni, kisha fuata nyuzi za mbao kwa kidole. Mbao iliyokunjwa kwa mvuke nyuzi zake hupinda na duara mwanzo hadi mwisho. Ukiona zinakatika ukingoni mwa duara, umbo hilo limechongwa kwa msumeno, na hapo Thonet msahau. Mti wenyewe ni ule Wajerumani wauitao Buche, na Waingereza beech: mzito, wa hudhurungi nyepesi, na pale rangi ilipobanduka utaona vistari vifupi vya hudhurungi iliyokoza vilivyotawanyika.

Hatua ya 2: Skrubu. Za zamani zina mfereji mmoja kichwani. Zile za msalaba zilianza kuuzwa miaka ya 1930. Ukikuta moja au mbili, fundi amepita hapo. Zikiwa zote, shuku umri.

Hatua ya 3: Jina. Kagua upande wa ndani wa fremu ya kikalio, halafu matao. Tafuta muhuri uliogongwa kwenye mbao, au mabaki ya karatasi. Futa vumbi kwa brashi laini tu. Msasa usiuguse, nakuomba. Haki ya pekee ya Thonet ya kutengeneza viti vya mbao zilizokunjwa ilikwisha 1869, washindani wakajaa sokoni. J. & J. Kohn ndio waliomkaribia zaidi, na kiti chao kizima nakipenda kuliko cha Thonet kilichopasuka. Ukisoma Thonet-Mundus, ni cha baada ya kampuni kuungana miaka ya 1920.

Hatua ya 4: Kasoro. Kibembeze kwenye sakafu iliyo sawa. Mlio wa kwenye maungio mara nyingi hutibika kwa bisibisi. Henzerani iliyotoboka husukwa upya. Ufa unaokata mkunjo ndio mbaya, kwani hapo ndipo uzito wa mtu hutua. Vitundu vya bungua vinavyomwaga unga mpya navyo ni vya kutibiwa kabla kiti hakijaingia ndani.

Hatua ya 5: Bei. Bei anayotaja muuzaji mtandaoni ni matumaini yake. Tafuta viti vya umbo lilelile vilivyokwisha kuuzwa. Nyumba za mnada kama Dorotheum ya Vienna huweka matokeo wazi. Toa gharama ya kusuka, ya fundi na ya usafiri. Kama rangi ya asili ipo, hata iliyofifia, usikubali bei ya kiti kilichopigwa vanishi mpya. Ukiwaandikia hao wa mnada wakupe makadirio, tuma picha za ubavu mzima, chini ya kikalio, muhuri, na ule ufa pia, wataugundua tu.