Somo: Kubadilisha shokapu za mbele za Corolla 110 (na swali na jibu)

Wakuu, somo hili ni la Toyota Corolla 110, ile iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1995 na ambayo bado imejaa kwenye barabara zetu. Nimeichagua kwa sababu spea zake zinapatikana na imefungwa kirahisi. Mwenye 100, Carina au Spacio ya kwanza atafaidika pia, ila aangalie tofauti ndogo ndogo za gari lake.

Kwanza tuelewane jambo moja, maana hapa ndipo hela nyingi hupotea. Shokapu haibebi gari. Linalobeba gari ni springi. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi: ndani yake kuna pistoni inayopita kwenye oili kupitia vitundu vidogo vyenye vali, na kila springi inapotaka kurukaruka, ile oili inaikataa na kuugeuza mruko kuwa joto. Ndiyo maana ukitembea muda mrefu kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, shokapu huchemka. Zile tunazoita za gesi bado zina oili. Gesi, ambayo kwa kawaida ni naitrojeni, imewekwa ili oili isitoe povu. Kwa hiyo gari likiwa limekaa chini, usikimbilie shokapu. Pima springi kwanza.

Utajuaje zimekufa?

Ingia chini uangalie mwili wa shokapu. Unyevu kidogo karibu na sili (raba inayozuia oili isitoke) si ugonjwa, lakini oili iliyochuruzika mpaka chini na kushika vumbi ni hukumu tayari. Pitisha kiganja kwenye tairi: likiwa limelika mashimo mashimo badala ya kulika sawasawa, gurudumu limekuwa likidunda barabarani. Dalili nyingine ni pua kuzama ukikanyaga breki, na gari kuendelea kunesa baada ya kuvuka tuta.

Lile jaribio la kukandamiza kona ya gari na kuachia linasaidia, ila lina mipaka. Shokapu iliyokufa kabisa utaigundua, iliyochoka nusu itakudanganya. Na mlio wa "kog kog" kwenye rasta mara nyingi ni linki ya stabilaiza (chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona), boli jointi au mauntingi (kishikio cha raba juu ya shokapu). Shika linki kwa mkono uitikise kabla ya kutoa pesa.

Kununua

Nenda dukani na namba ya chesisi. Usiseme "nipe za Corolla" tu, kwani ndani ya 110 kuna AE110, EE111, CE110 na ndugu zake, na za mbele zina ya kushoto na ya kulia. Nunua jozi. Nunua na mauntingi, raba ya kugotea na kifuniko cha vumbi. Watu huziona hizi za mwisho kama urembo, kumbe raba ya kugotea iliyosagika huifanya pistoni igonge mwisho, na kifuniko kilichochanika huruhusu mchanga kukwangua fimbo ya pistoni mpaka sili ipasuke. Kufunga shokapu mpya juu ya mauntingi iliyokufa ni kujitengenezea kazi ya kurudia.

Vifaa

Jeki, stendi mbili, mawe ya kuzuia magurudumu, spana na soketi (21 ya nati za tairi, na uwe na 14, 17 na 19 kwa zinazobaki), spana ya L, brashi ya waya, dawa ya kulegeza kutu, chokaa au rangi ya kuwekea alama, na kompresa ya springi, ile yenye skrubu mbili ndefu zenye kucha. Kama huna kompresa, azima au kodisha. Kama hupati, toa shokapu nzima na springi yake upeleke gereji wakubadilishie, kisha urudi kufunga mwenyewe. Kufunga springi kwa kamba, mnyororo au waya ni marufuku kwangu.

Hatua ya 1. Egesha sehemu tambarare na ngumu, vuta handbreki, weka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma. Usiku wa jana yake uwe umepulizia dawa ya kutu kwenye bolti zote. Legeza nati za tairi gari likiwa bado chini. Fungua boneti, toa kile kifuniko cha plastiki juu ya mauntingi, na ulegeze nati ya katikati nusu mzunguko tu. Nusu, usizidishe.

Hatua ya 2. Piga jeki, weka stendi chini ya chesisi, shusha gari likae juu ya stendi, toa tairi. Jeki peke yake si kitu cha kuingiza mwili wako chini yake, hata kwa dakika moja.

Hatua ya 3. Fungua kibano cha hosi ya breki kwenye mwili wa shokapu, na waya wa ABS kama upo. Kama gari lako lina linki ya stabilaiza iliyofungwa kwenye shokapu, ifungue. Nati ikizunguka na ekseli yake, ishikilie kwa spana ya L katikati.

Hatua ya 4. Chini shokapu imeshikwa na bolti mbili kubwa kwenye chuma kinachobeba habu. Kabla hujazigusa, chora alama ya jinsi shokapu ilivyokaa, kwa sababu mchezo mdogo wa hapa unabadilisha ulalo wa tairi. Egemeza lowa amu (mkono wa chini unaoshika gurudumu) kwa jeki. Shika kichwa cha bolti kisizunguke, zungusha nati. Zikitoka, usiache habu ianguke nje: hosi ya breki itavutika na jointi ya ndani ya draivushafti inaweza kuchomoka. Ifunge kwa waya.

Hatua ya 5. Shika shokapu kwa mkono mmoja, fungua nati tatu za juu. Ya katikati iache. Toa shokapu kwa chini, ukichunga isikwangue buti ya draivushafti.

Hatua ya 6, yenye hatari. Springi hii, ikiwa imefungwa kwenye shokapu, bado imebanwa. Gari la karibu tani moja limelala juu ya springi nne, na mbele ndiko kwenye injini, kwa hiyo usicheze nayo. Ukifungua nati ya katikati bila kubana springi, sahani ya juu itaruka kama risasi na kitakachokuwa mbele yake kitaumia.

Lalisha shokapu chini au ibane kwenye vaisi kwa kibano cha chini, si kwenye mwili wake. Weka skrubu mbili za kompresa zikitazamana, kucha zishike mizunguko mingi iwezekanavyo. Kaza upande mmoja mizunguko michache, hamia wa pili, rudi wa kwanza. Zikienda kwa tofauti, springi itapinda kama ndizi na kucha zitateleza. Tumia spana ya mkono hapa, si mashine ya upepo. Endelea mpaka springi icheze kwenye kiti chake. Icheze kweli, uisukume kwa kidole isogee. Hapo ndipo unafungua nati ya katikati, uso wako ukiwa pembeni, kamwe usiwe juu ya fimbo. Kila kinachotoka kipange chini kwa mpangilio wake na ukipige picha kwa simu.

Hatua ya 7. Shokapu mpya isimamishe wima, ikandamize mpaka mwisho na uivute juu mara kadhaa mpaka mwendo uwe laini bila kukwama. Imekuwa imelala kwenye boksi na hewa imehama ndani. Usishike fimbo kwa koleo hata siku moja. Mkwaruzo mmoja kwenye kromu utakula sili.

Hatua ya 8. Vaa kifuniko na raba ya kugotea, kisha springi. Ncha ya chini ya springi ikae ndani ya ngazi yake kwenye kiti. Sahani ya juu kwenye Toyota nyingi ina neno OUT; litazame nje ya gari. Weka beringi, mauntingi na nati mpya, kaza, halafu legeza kompresa kwa zamu ileile.

Hatua ya 9. Rudisha kwa kinyume: nati tatu za juu kwanza bila kukaza sana, kisha bolti mbili za chini ukifuata alama, halafu hosi ya breki. Hakikisha hosi haijajisokota: zungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto uitazame. Bolti za chini zinataka nguvu kubwa, kwa hiyo fuata kipimo cha kitabu cha gari lako. Nati za tairi kaza kwa mtindo wa msalaba, Nm 103 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Kama ulilegeza bushi (raba ya maungio) yoyote ya amu, kaza ya mwisho gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake, la sivyo bushi itabaki imesokotwa na kupasuka mapema.

Rudia upande wa pili, tembea kilomita 50 hadi 100, kagua ukazaji, kisha peleka wili alaimenti.

---

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, inayovuja ni ya kushoto tu. Nikibadilisha moja nitakosea?
Jibu: Ile ya kulia imetembea kilomita zilezile. Ukifunga mpya upande mmoja, pande mbili zitatulia kwa kasi tofauti, na utalihisi hilo ukikwepa shimo ghafla. Kama hela haitoshi, subiri upate jozi, uendeshe polepole kwa sasa.

Swali: Shikamoo fundi. Kuna jamaa wanatoboa shokapu, wanajaza oili na kuchomelea. Bei ni ndogo sana. Nijaribu?
Jibu: Marahaba. Hapana. Sili iliyovujisha bado ni ileile, vali zilizolika bado ni zilezile, na gesi imeshatoka. Oili nzito wanayojaza hukupa ugumu wa siku chache, unadhani imepona. Ugumu si utulivu.

Swali: Na za mtumba kutoka Japani je? Naona watu wanazisifu.
Jibu: Ukipata zenye fimbo safi isiyo na kutu wala mkwaruzo, zisizo na oili nje, na ukikandamiza zinapinga sawasawa kwenda na kurudi, zinaweza kukufaa. Chukua zilizotoka gari moja. Mauntingi na raba bado nunua mpya, kwa sababu raba huzeeka hata ikiwa dukani.

Swali: Dada wa Arusha hapa. Nimebadilishiwa wiki iliyopita, sasa nikikata kona nimesimama, usukani unalia "tong" na kurudi wenyewe kidogo.
Jibu: Pole dada. Hiyo ni springi inayojiviringa na kuachia. Ama beringi ya juu imekwama au hawakuibadilisha, ama ncha ya springi haijakaa kwenye ngazi yake. Mtu ageuze usukani, wewe weka kiganja juu ya springi bila kuingiza vidole katikati. Utausikia mruko. Mrudishie aliyefunga aifungue tena.

Swali: Nimeweka raba za kunyanyulia kwenye springi kwa ajili ya matuta ya mtaani kwetu. Shokapu mpya zinafaa?
Jibu: Zitoe kwanza. Raba zinazuia mizunguko ya springi isifanye kazi, uzito wote unahamia sehemu chache na springi hukatika hapo. Ukitaka kimo, tafuta springi ndefu kidogo na shokapu zinazolingana nazo.

Swali: Mimi nina ile Corolla iliyofuata, 120. Nyuma nako nahitaji kompresa?
Jibu: Mbele ndiyo, na nyuma pia. Nyuma ya 120 springi imevalishwa kwenye shokapu, zinatoka pamoja. Egemeza bimu ya nyuma kwa jeki isishuke, fungua juu, fungua chini, toa. Bolti ya chini ina bushi, kwa hiyo kaza ya mwisho gari likiwa chini. Kwenye 110 nako nyuma ni sawa na mbele, springi na shokapu pamoja, na nati za juu zinafikiwa kwa ndani ukitoa kiti cha nyuma.