Ukisema "niko njiani" na bado hujatoka

Nilikuwa na tabia hii kwa miaka: mtu akinipigia namjibu "niko njiani, nakaribia", kumbe hata kuoga bado. Mdogo wangu alinisubiri kituoni saa nzima, juani, akiwa na mtoto mgongoni. Iliniuma sana.

Kama nawe unayo, ikiri kwa jina lake. Usisingizie foleni, wala usiweke "lakini". Mimi nilimwambia: "Nisamehe mdogo wangu, nilikudanganya. Nilikuwa bado nyumbani." Kisha nikamwomba kila nikisema niko njiani aniulize nimefika wapi hasa. Swali hilo ndilo lililonibana. Siku hizi nataja saa ya kutoka tu: "Natoka saa nne na robo." Naye anapanga safari yake vizuri.