Jinsi ya Kutafuta Mahali Volti Zinapopotelea Kati ya Betri ya Sola na Pampu

Nyumba nyingi za Kibosho na Marangu, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, zimezungukwa na migomba na migrevilea, kwa hiyo sisi mafundi wa sola hulazimika kusimika paneli na kibanda cha betri mahali palipo wazi, kisha kuvuta waya mrefu hadi kwenye pampu. Malalamiko yanayofuata hufanana: betri imejaa, lakini pampu inazunguka kivivu. Mfano wetu ni betri ya volti 12, pampu inayovuta ampea 5, na waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, mita 10 kwenda na mita 10 kurudi. Usitumie utaratibu huu kwenye umeme wa TANESCO wa volti 230.

Kwanza ieleweke kinachopimwa. Shaba imejaa elektroni huru, yaani chembe ndogo mno zinazobeba umeme, nazo, kwa kuwa zina chaji hasi, husukumwa kutoka upande hasi wa betri kuelekea upande chanya pale tu panapokuwa na tofauti ya potenshali, ambayo ndiyo volti tunazopima, kati ya sehemu mbili. Michoro yetu huonyesha mkondo ukienda kinyume chake, kwa sababu Benjamin Franklin alichagua alama za chaji katika karne ya 18, kabla J. J. Thomson hajaigundua elektroni mwaka 1897. Hesabu haziharibiki kwa hilo. Kwa ampea 5 katika waya huu, elektroni husogea takribani milimita 0.15 kwa sekunde, na zingehitaji saa kama 19 kumaliza mita 10. Pampu huwaka papo hapo kwa sababu waya mzima umeshajaa elektroni, na uga wa umeme unaozisukuma huenea kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga.

Hatua ya 1. Weka mita ya kupimia umeme (multimita) kwenye volti za DC, yaani umeme wa mkondo mnyoofu kama wa betri, kipimo cha 20, na uhakikishe ncha nyekundu haiko kwenye tundu la ampea, kwani hapo utapiga shoti betri.

Hatua ya 2. Washa pampu kabla ya kupima chochote. Mafundi wengi huruka jambo hili. Pampu ikiwa imezimwa, hata waya uliobakiza uzi mmoja utaonyesha volti kamili, kwa sababu mkondo unaopita kwenye mita ni mdogo mno, na pasipo mkondo ukinzani, yaani uzuiaji wa waya, haupotezi volti. Sasa pima kwenye vichwa vya betri, kisha kwenye pampu. Tuseme unapata 12.4 na 10.9, volti 1.5 zimeishia njiani.

Hatua ya 3. Pima kila waya peke yake. Gusa kichwa chanya cha betri kwa ncha moja na upande chanya wa pampu kwa nyingine, ukirefusha waya wa mita kwa waya wowote mwembamba, kwa kuwa wembamba wake hautaathiri kipimo. Shaba ya mita 10 ya unene huu ina ukinzani wa takribani omu 0.07, hivyo kwa ampea 5 utegemee volti 0.35. Rudia upande hasi, ambao watu huusahau ingawa ndiko elektroni zinakotokea. Ukisoma 1.15 huko, volti 0.8 za ziada zinapotelea mahali fulani kwenye waya huo.

Hatua ya 4. Acha ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri na usogeze nyingine kutoka kiungo hadi kiungo. Namba itakaporuka ghafla, umefika. Mara nyingi ni waya mbili zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa utepe, ambazo unyevu wa mlimani umezifanya kuwa za kijani. Volti 0.8 kwa ampea 5 ni wati 4 za joto, kwa hiyo utepe huo huwa vuguvugu au umeanza kulainika.

Hatua ya 5. Tenganisha waya kwenye betri, kata sehemu iliyooza, safisha shaba hadi ing'ae, unganisha kwa kiungo cha kubana, na ukizibe maji yasiingie. Kisha rudia hatua ya 2. Volti 0.7 hivi zitabaki zikipotea, na hizo ni za shaba yenyewe. Mteja asiyeridhika nazo atahitaji waya wa milimita za mraba 4, utakaozishusha hadi karibu 0.43.