Miguu kumi: kupiga picha ndege wanaotaga chini

Picha zangu za kwanza za ndege akiburuta bawa nilizifuta zote. Siku nilizozipiga nilijiona mwenye bahati. Ndege analia, anajikokota, anaanguka, nami namfuata kidole kikiwa kwenye kitufe cha shata. Kumbe maigizo yale yote alinifanyia mimi, anivute mbali na mayai yake. Kunguru alikuwa mtini anatutazama sote wawili. Nilipogeuka, alikuwa anaruka na yai mdomoni.

Kwa hiyo kabla hujatoa kamera, jifunze kumsoma ndege. Anayeatamia kwa amani amezama kwenye kiota, shingo fupi, macho yanasinzia. Akirefusha shingo, simama hapo ulipo. Akinyanyuka na kuondoka kimyakimya kwa miguu, umeshamkaribia kupita kiasi: rudi nyuma, tena upesi. Usisubiri mpaka aburute bawa. Usiniulize ni mita ngapi, kwa sababu kila ndege ana zake, na huyohuyo wa leo kesho anaweza kubadilika.

Kiota hakitafutwi kwa kutembeatembea. Kaa mbali na darubini, mwenyewe atakuonyesha. Atarudi kwa mwendo wa kuzuga: hatua tatu, asimame, adonoe kitu ambacho hakipo, hatua mbili tena. Kisha atainama, atikise mwili kulia na kushoto, atulie. Hapo ndipo. Kumbuka mahali kwa jiwe au kichaka kilichopo tayari. Usichomeke kijiti wala kufunga kitambaa, kunguru hawachelewi kuelewa alama za watu. Nyasi zilizokizunguka usizikate, ndizo pazia lake. Ukilazimika kupita karibu, pita moja kwa moja kama mtu mwenye safari zake. Njia inayoishia kwenye kiota inaachia mbwa na nguchiro harufu ya kufuata.

Jua la mchana mimi silitaki kabisa. Utamwona mzazi amesimama juu ya mayai, mabawa ameyaachia kidogo yawe mwavuli. Wengine huenda kulowesha manyoya ya tumbo majini, warudi kuyapoza. Ukimfukuza wakati huo, dakika chache tu zinaweza kuyaua mayai. Hata picha zenyewe hazifai, maana mvuke wa joto unacheza juu ya ardhi na kila kitu kinatoka kimefifia. Nenda alfajiri.

Ukweli ni kwamba siku hizi kiota chenyewe sikipigi sana. Nasubiri makinda. Wa ndege wa miguu mirefu wanaotaga chini huanguliwa na macho wazi na manyoya mwilini, na ndani ya siku moja hivi wanatoka kiotani kujitafutia chakula. Mzazi akitoa mlio mmoja mkali, wanaanguka chini kama vijiwe, na hapo hutamwona hata mmoja. Hatari kubwa iko hapo: mguu wako. Ukijikuta katikati yao, ganda. Tazama chini, kisha rudi kwa kukanyaga nyayo zako mwenyewe.

Ukiwa umekwisha kujitenga, lala kifudifudi. Lenzi ya milimita 400 hadi 600 inatosha. Ilaze juu ya kifuko cha mchanga, iwe usawa wa jicho la kinda. Weka shata kimya. Kwa kinda anayekimbia naanzia kasi ya shata ya 1/2000 ya sekunde, na fokasi naiweka kwenye jicho. Kisha usifanye lolote. Nusu saa, saa nzima, siafu wakikuhurumia. Ukitulia vya kutosha, makinda ndio watakaokusogelea.

Hema la kujificha linasaidia, ila lisitokee ghafla. Liweke mbali, lisogeze kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na ndege akikataa kurudi, liondoe. Ingieni wawili, mmoja atoke aondoke zake. Ndege wengi hudhani hakuna aliyebaki, hesabu si fani yao. Ndugu wawili Waingereza, Richard na Cherry Kearton, walioanza kupiga picha za viota mwaka 1892, walifikia kujificha ndani ya ng'ombe bandia aliyetengenezwa kwa ngozi halisi. Mimi sijafika huko.

Kirukanjia, yule ndege wa usiku, namweka peke yake. Mayai yake mawili hulala juu ya udongo mtupu au majani makavu, naye hutegemea rangi yake hadi karibu umkanyage. Watu huona ametulia wakadhani amewaruhusu. Hajaruhusu, amejificha. Piga kutoka mbali, bila fleshi, uondoke.

Kabla ya kuonyesha picha yoyote mtandaoni, futa taarifa za mahali ambazo kamera au simu imezihifadhi ndani yake. Kiota kikijulikana leo, kesho kuna watu kumi wamekizunguka.

Picha ninayoipenda niliipata asubuhi ya baridi. Mama aliita kwa sauti ndogo, makinda wanne wakaja mbio mmoja mmoja, wakajisukuma chini ya tumbo lake. Akawafunika. Ikabaki ndege mmoja aliyenenepa ghafla, amesimama kwa miguu kumi. Nilipiga mara tatu, nikajiburuta kinyumenyume hadi nilipokuwa mbali kiasi cha kusimama.