Una PCOS na uzito umegoma kushuka? Kagua haya kabla ya kupunguza chakula tena

Miezi ya kwanza kilo zinashuka, sketi zinalegea, halafu mizani inaganda palepale wiki baada ya wiki. Wanawake wengi wenye PCOS, yaani sindromu ya ovari zenye vifuko vingi, hapo huzidi kujinyima: asubuhi hawali, jioni wanakunywa supu tupu. Hilo ndilo kosa linalowagharimu zaidi. Mwili unaonyimwa chakula sana bila mazoezi ya nguvu hupoteza mafuta na misuli pamoja, na misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo. PCOS mara nyingi huja na usugu wa insulini, yaani mwili hauitikii vizuri insulini, homoni inayoitoa sukari kwenye damu. Misuli ikipungua, sukari inakosa pa kwenda, insulini inazidi kupanda, na insulini nyingi huzisukuma ovari kutoa homoni zaidi za kiume. Kwa hiyo tafuta kwanza kilichosimamisha uzito.

Je, kweli umekwama?

Jipime asubuhi, baada ya kutoka chooni na kabla ya kula, ukiwa na nguo nyepesi zilezile. Fanya hivyo siku 7, jumlisha, gawanya kwa 7. Linganisha wastani wa wiki hii na ule uliopata wiki 4 nyuma. Usilinganishe jana na leo, kwa sababu maji peke yake yanaweza kuongeza kilo 1 au 2 kabla ya hedhi, baada ya mlo wenye chumvi nyingi, au ukianza zoezi jipya. Mwenye mzunguko wa siku 28 anajua maji hayo yanakuja lini. Wewe ambaye hedhi yako inakuja baada ya siku 45 au 60 hujui, ndiyo maana wiki 2 bila mabadiliko si kukwama. Subiri 4 hadi 6.

Chukua pia futi kamba ya fundi cherehani. Pima kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi, bila kubana, kila baada ya wiki 2. Mizani ikisimama huku kiuno kikipungua sentimita 2, mafuta yanaondoka, usibadilishe kitu. Angalia pia weusi wa shingoni na kwapani: ukififia, usugu wa insulini unalegea. Hedhi zikianza kukaribiana, hiyo ni dalili nzuri kuliko namba yoyote ya mizani. Kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa mwanzo mara nyingi kunatosha kurekebisha mzunguko. Kwa aliyeanza na kilo 90 ni kilo 4.5 hadi 9. Huenda lengo la kwanza umeshalifikia.

Mwili mwepesi hula kidogo

Kila kilo inayoondoka hupunguza matumizi ya mwili kwa takriban kalori 20 hadi 30 kwa siku. Ukishusha kilo 8, ile nafasi ya kalori 500 kati ya unachotumia na unachokula, uliyoanza nayo, imebaki kama 300. Hapo hapo njaa inaongezeka, na unatembea kidogo bila kujua: unatuma mtoto dukani, unapanda bodaboda. Hesabu hatua zako kwenye simu kwa wiki moja, kisha ongeza 2,000 kwa siku. Usishuke chini ya kalori 1,200 kwa siku bila usimamizi wa daktari.

Jikoni, anza na chupa ya mafuta

Hapa ndipo penye majibu mengi. Mafuta ya kula hayapimwi, yanamiminwa. Andika tarehe kwenye chupa siku unapoifungua. Lita moja ina takriban kalori 8,200. Familia ya watu 4 ikiimaliza kwa wiki, kila mmoja anakula karibu kalori 290 za mafuta kwa siku, hata siku ambayo chakula kilikuwa mchicha na maharage tu. Pima kwa kijiko cha chakula, ambacho kina kalori kama 120, na chupa hiyo iende wiki 2. Kitunguu kinaiva kwa kijiko kimoja na maji kidogo, nyanya zitamalizia.

Kisha chai. Vijiko vidogo 3 vya sukari kwa kila kikombe, vikombe 3, ni gramu 36 kwa siku, karibu kalori 145. Punguza nusu kijiko kila wiki. Ukiacha ghafla utarudi. Juisi ya matunda, hata ya nyumbani, ihesabu kama soda: nyuzi zimebaki kwenye chujio na sukari imeingia kwenye glasi. Parachichi na karanga ni vyakula vizuri sana, lakini parachichi zima la wastani lina kalori 250 hadi 300, na kiganja cha karanga karibu 170. Kula nusu parachichi.

Dona inawapotosha wengi. Ina nyuzi zaidi ya sembe, ndiyo, lakini kalori zake karibu ni zilezile, na mtu akishaambiwa ni chakula cha afya anaongeza kipande. Pima unga mkavu na siyo ugali, maana ugali laini na mgumu hutofautiana maji: gramu 70 za unga kwa mlo zina kalori kama 250. Kama mnapika sufuria moja, pima unga wote, gawa kwa idadi ya walaji.

Kila mlo uwe na protini gramu 25 hadi 30, kwa sababu hiyo hushibisha na kulinda misuli. Asubuhi: mayai 2, glasi ya mtindi usio na sukari, kiganja cha karanga. Mchana: kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa na gramu 25 za dagaa wakavu. Jioni: mnofu wa samaki au kuku bila ngozi, gramu 100 baada ya kupikwa. Anza na mboga na protini, ugali au wali uje mwisho, halafu tembea dakika 10 hadi 15. Sukari ya damu itapanda polepole zaidi. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka 2023 haukuona aina moja ya ulaji inayozishinda nyingine, kwa hiyo chagua utakaoweza kuendelea nao hata mwezi wa harusi na sherehe.

Misuli

Mwongozo huohuo unataja angalau dakika 250 kwa wiki za mwendo wa wastani kwa anayetaka kupunguza uzito, pamoja na mazoezi ya nguvu siku 2 zisizofuatana. Wengi hufanya la kwanza na kuacha la pili. Huhitaji jimu. Kuchuchumaa na kusimama ukiwa umekumbatia dumu la maji la lita 5. Kuinama mgongo ukiwa umenyooka na kuvuta dumu hadi ubavuni. Pushapu ukiegemea ukuta, baadaye meza. Kunyanyua nyonga ukiwa umelala chali. Kila moja mara 8 hadi 12, mizunguko 3. Ukifika 12 bila kuchoka, dumu liwe kubwa zaidi. Bila kuongeza uzito, misuli haina sababu ya kukua.

Yasiyotibika kwa sahani

Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3, prednisoloni (dawa ya steroidi), valproate (dawa ya kifafa) na baadhi ya dawa za akili zinaweza kuongeza uzito. Usiache yoyote mwenyewe. Uliza kama ipo mbadala. Omba kipimo cha TSH cha tezi ya thairoidi na cha sukari. Ukikoroma sana na kuamka umechoka, mwambie daktari, kwani kukatika pumzi usingizini huwapata zaidi wenye PCOS na huzidisha usugu wa insulini.

Metformini, dawa ya kisukari inayotumika pia kwa PCOS, hupunguza kilo chache tu; kazi yake kubwa ni kwenye insulini. Daktari huanza na miligramu 500 pamoja na chakula, akipandisha kila wiki 1 au 2, kwa sababu ukirukia dozi kubwa utaharisha na kuiacha. Ukiitumia miaka mingi, pima vitamini B12. Chai za kupunguza tumbo nyingi zina majani ya sena: zinakuharisha, maji yanatoka, mafuta yanabaki.

Ukipitisha siku 90 bila hedhi na huna mimba, nenda hospitali, kwani ukuta wa kizazi unaojijenga bila kutoka una hatari yake. Na uzito ukishuka, yai linaweza kupevuka hata kabla hujaona hedhi. Kama hutaki mimba sasa, tumia kinga. Kama unaitaka na unatumia sindano za kupunguza uzito za semaglutidi, ziache angalau miezi 2 kabla ya kuanza kutafuta mtoto.